Manjano ya Pasaka

Jina la Mungu litukuzwe, Yeye aliyempa kila mja wake uso wa kujulikana nao na maji ya kuunawa. Amenitunza mpaka nimefika umri huu, mkono wangu bado unashika kalamu na kumbukumbu haijanitoroka. Namshukuru kwa miaka yote, lakini leo namshukuru kwa mmoja, ule nilipokuwa na miaka kumi na saba, na kwa jirani aliyeniwekea ndani ya mwaka huo. Asifiwe kabla sijaanza, nisije nikanogewa na hadithi nikamsahau mwenye kuitoa.

Bi Zuhura amekuja! Mwezi uliopita jirani yangu huyo, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, alipanda basi kutoka Tanga pamoja na mjukuu wake, akashuka Tunduma, mji aliouhama zamani, kwa sababu alitaka kuusikia tena kabla hajafa. Nasema kuusikia kwa kuwa macho yake yamekwisha. Simu ilipigwa nikiwa Ruanda, kijijini kwetu Mbozi, nimekaa jikoni nachambua maharage, nikaacha ungo palepale chini na kuku wakala walichotaka. Mjukuu wangu Neema alinisindikiza, akinilalamikia njia nzima kwamba natembea haraka kuliko yeye. Tulimkuta Bi Zuhura ameketi kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha. Nilipiga magoti nikamwamkia, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akaupapasa taratibu kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Kisha akauliza, "Seba, umeacha kuzitumbua chunusi?" Nikamwambia nimeacha, mama. Akasema, "Uliacha umechelewa. Hapa pana mashimo mawili."

Neema alicheka mpaka zamu yake ilipofika. Msichana huyu ana chunusi za umri wake, na wiki ile alikuwa amesoma kwenye simu kwamba limau likichanganywa na magadi huzimaliza mara moja. Alijipaka, paji la uso likababuka, akawa anatembea amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Bi Zuhura alikiinua kile kitambaa, akanusa, akamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba uso ni maharage, unalainishwa kwa magadi. Sisi watu wazima tulicheka, Neema akalia kidogo, na katika kumbembeleza ndipo nilipoanza kumsimulia haya. Alinisikiliza akiwa amefungua mdomo. Tuliporudi nyumbani akasema, bibi, haya yaandike. Nimeyaandika.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, isipokuwa jambo moja ambalo bila hilo hakuna atakayeelewa. Sisi Wamoraviani tuna desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka, kuwaimbia ndugu zetu waliolala na kungoja mapambazuko pamoja nao. Katika kanisa letu la Ruanda wimbo wa alfajiri hiyo una ubeti mmoja unaoimbwa na mtu mmoja peke yake, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mama yangu. Mama alifariki nilipokuwa na miaka kumi na tano. Pasaka iliyofuata ubeti ule haukuimbwa. Kwaya ilinyamaza mahali pake, tukasikia upepo tu kwenye mikaratusi. Mwaka ninaousimulia, mwalimu wa kwaya, Mzee Halinga, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, aliniita baada ya ibada akaniambia kwamba Pasaka ijayo ubeti wa mama yangu utakuwa wangu. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nilipofika mbele ya kioo cha baba cha kunyolea, furaha ikasimama.

Uso wangu ulikuwa umejaa chunusi kutoka kwenye paji hadi kidevuni, nyekundu, nyingine zina usaha, nyingine nimezitumbua zikaacha madoa meusi. Vijana wa kwaya waliniita Mahindi ya Kuchoma. Mahali pa mtu wa ubeti ni mbele, amesimama peke yake juu ya kichuguu kidogo kando ya makaburi, na watu wote wanamtazama. Nilimwomba Mungu kila siku aniondolee chunusi, na kama haiwezekani, basi amwambie Mzee Halinga achague mtu mwingine. Sasa ninapofundisha watoto wa shule ya Jumapili kuomba, nawaambia kwamba Mungu husikia hata maombi ya namna hiyo, ila hujibu kwa njia yake, na huwa nacheka peke yangu wasijue nacheka nini.

Baada ya mavuno ya kahawa nilipelekwa Tunduma kwa Shangazi Nesi, dada wa baba, nijifunze cherehani. Tunduma ya wakati ule haikuwa na maghorofa haya, lakini malori yalikuwepo, na vumbi lake. Chumba cha Shangazi kilikuwa kimoja chenye kazi tatu: karibu na mlango cherehani, katikati meza ya kukatia na kulia, nyuma ya pazia kitanda tulicholala wote wawili. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wa upande wa Zambia waliovuka na vitenge vyao mabegani. Waliingia wakisalimia "Mulishani, bamayo," Shangazi akawajibu kwa Kibemba chake cha sokoni, kisha akawapima huku ana pini mdomoni. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikishona vifungo, na nilijua kila kilichosemwa. Siku moja mteja aliuliza kwa upole kama yule binti ana surua, maana ana watoto wadogo nyumbani. Shangazi akasema hapana, ni usichana tu, utapita. Nikajichoma sindano.

Tangu siku hiyo nilianza vita. Nilijipaka limau na chumvi, nikalala natiririka machozi. Nilijipaka dawa ya meno, ikakauka ikaanguka vipande vipande kwenye ugali. Nilileta machicha ya kahawa kutoka nyumbani nikajisugua mpaka damu ikatoka, nikiamini kwamba kinachouma ndicho kinachoponya. Msichana mmoja wa jirani akanipa kijikopo cha krimu kutoka ng'ambo, isiyo na maandishi ninayoyajua. Yeye mwenyewe alikuwa amekuwa mweupe usoni na mweusi masikioni. Na kila asubuhi, juu ya vidonda vyote hivyo, nilijipaka mafuta ya mgando mazito, kwa kuwa kwetu Mbozi baridi ya Juni hupasua midomo na mtoto hatoki nje bila kung'aa kama chungu kipya. Hakuna aliyewahi kuniambia nisijipake. Kutoka bila mafuta ilikuwa sawa na kutoka bila viatu siku ya Jumapili.

Ua wa nyumba ile tuliutumia pamoja na Bi Zuhura. Mumewe alikuwa msafirishaji, lori lake lilikwenda Dar es Salaam na kurudi likivuka mpaka, hivyo mara nyingi mama huyu alikuwa peke yake na jiko lake. Na lile lilikuwa jiko! Sisi tulizoea chumvi, mafuta, na nyanya zikipatikana. Yeye alikuwa na makopo yamepangwa kwenye rafu: iliki, mdalasini, karafuu, unga wa dengu wa bajia, na ile binzari ya njano ambayo yeye aliiita manjano. Jioni harufu yake iliingia mpaka nyuma ya pazia letu, na Shangazi alikuwa akisema kwamba mwanamke huyu anatufanya tule dagaa wetu kwa huzuni. Siku niliyotoka uani na ile krimu ya ng'ambo mkononi, Bi Zuhura aliniita. Alikuwa anakuna nazi. Aliomba kuiona, akainusa, akainuka, akaitumbukiza chooni bila kuniuliza. Kisha akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi, akaniambia neno ambalo nimelirudia kwa mabinti wengi: "Mwanangu, uso wako si sufuria. Unausugua wa nini?"

Nilidhani sasa atanipa dawa kubwa ya pwani. Akaniambia ninawe. Maji ya uvuguvugu, viganja safi, basi. Nisijipake mafuta yale mazito, kwa sababu vumbi la malori linakaa juu yake kama nzi kwenye samli. Nifue foronya ya mto wangu. Nisiziguse kwa kucha hata nikiota ndoto. Mnamkumbuka Naamani, yule jemadari aliyekasirika alipoambiwa aende akaoge tu mtoni? Nilikuwa Naamani mzima. Nilimuuliza kwa adabu kama hakuna kitu kingine. Akasema, "Mimi nanawa uso mara tano kwa siku kwa ajili ya Mola wangu. Njoo uone uso wangu." Nikautazama. Ulikuwa uso laini kama ganda la yai, na yeye hakuwa mtoto.

Basi nikaanza kunawa pamoja naye, maana nilijua nikijiachia mwenyewe nitasahau. Adhana ikilia, Bi Zuhura anatoka na birika lake kutia udhu, nami natoka na kopo langu, tunachutama pamoja kwenye jiwe la uani. Yeye anakwenda kusali, mimi narudi kwenye vifungo. Baada ya wiki kadhaa ule wekundu ulianza kushuka. Ndipo alipoongeza mambo ya jikoni, kidogo kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayeonja chumvi. Asali kwanza, asali ya Ileje iliyoletwa kupitia Isongole, akanijaribishia kwenye mkono siku nzima kabla hajaigusisha usoni. Tango lililopondwa kwa siku za joto. Mwishoni mchanganyiko wenyewe: unga wa dengu kijiko kimoja, maziwa ya mgando, asali tone, na manjano kiasi cha kushikwa kwa ncha ya kucha. Unapakwa mwembamba, unaachwa ukauke kiasi, unaoshwa. Na kulikuwa na sharti moja. Ukiwa usoni, mtu asiongee wala asicheke, maana ukipasuka unavuta ngozi. Bi Zuhura alinitania kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa kwaya.

Chunusi mpya zilipungua. Shangazi alianza kuniita mbele ya pazia niwapime wateja. Kila Jumamosi ya pili nilipanda kwenda Ruanda kwa mazoezi, na niliposimama kuimba ubeti sikuinamisha tena kichwa. Mzee Halinga, mtu mkali aliyepiga mapigo kwa fimbo ya mti wa mbuni, aliniambia mara moja tu kwamba sauti ya mama yangu imerudi. Nililala na maneno hayo kama mtu aliyelala na mkate chini ya mto.

Wiki chache kabla ya Pasaka, mdogo wake Bi Zuhura, Kassim, dereva, alipita Tunduma akitokea Zambia, akaketi barazani kunywa chai. Mimi nilikuwa nimepakwa. Bi Zuhura alinifunika kanga yake kichwani, nzuri nyekundu, ili mgeni asinione nilivyo na ili vumbi lisinishike, akaniambia nikae mlangoni kwenye kivuli mpaka uso ukauke. Nikakaa kimya kama nilivyofundishwa, macho chini. Wakati huohuo wanawake watatu wa pwani, wake za wafanyabiashara, walikuwa wanapita kutoka sokoni. Wakasimama. Waliona binti aliyefunikwa kanga, uso wa manjano, kimya, macho chini, na mwanamume mgeni anakunywa chai barazani. Kwao hiyo ni picha moja tu. Bi harusi hupakwa singo yenye manjano siku nyingi kabla ya ndoa, hufunikwa, na haya humkalisha kimya. Mmoja akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea. "Bi Zuhura, ndiyo umetuficha hivi?" akasema mkubwa wao, akiingia bila kubisha. Bi Zuhura alikuwa jikoni, hakusikia neno kwa mlio wa vigelegele, akajibu kwa mbali, karibuni, karibuni. Nami sikufungua mdomo. Nilitikisa kichwa kukataa, wakasema mwoneni, mtoto ana adabu, anajidai hataki.

Lilikuwa jambo la kucheka, na Bi Zuhura alipotoka akawaeleza, tulicheka sote, Kassim zaidi, kwa sababu alikuwa na mke na watoto wanne Morogoro. Tatizo lilikuwa nje. Mama mmoja wa Ruanda aliyeshuka kuuza maharage alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Yeye alisikia vigelegele, akaniona, akauliza mpita njia kuna nini, akaambiwa kuna mwali anaolewa pale. Hakungoja maelezo, alikuwa anawahi basi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kutazama, akakumbuka kwamba mara nyingine alipopita, adhana ikilia, aliniona mimi, Eliseba, nikichutama kutia udhu.

Jumamosi nilipanda kwenda mazoezi bila kujua kitu. Nilipoingia kanisani kwaya ilikuwa imesimama, na mahali pangu alikuwa amesimama msichana mwingine. Mzee Halinga hakunitazama. Aliniambia, "Eliseba, kaa kwenye benchi. Jambo lako liko kwa wazee." Nikakaa. Nilisikia mtu wa sauti ya tatu akinong'ona kwamba mwali amekuja kuaga, wengine wakazuia vicheko kwa vitabu vya nyimbo. Yule msichana aliimba ubeti wa mama yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho, vizuri tu, Mungu ambariki, hakuwa na kosa. Mimi nilitazama magoti yangu.

Nyumbani baba hakuwa amekula. Sahani ya ugali na majani ya maboga ilikuwa mbele yake imefunikwa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mama afariki yalizidi kuwa machache. Aliniuliza, "Umeolewa, au bado unaolewa?" Nilieleza yote kwa pupa, dengu, maziwa, asali, adhana, kimya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtu anayetaka kweli kujua, unga wa dengu unapakwa usoni? Nikasema ndiyo, baba. Akatikisa kichwa. Akasema mama yako alikuwa na uso mzuri na alinawa kwa sabuni ya kufulia. Lakini alikula ule ugali, na asubuhi ya Jumatatu alivaa koti lake la ibada, tukapanda basi kushuka Tunduma.

Bi Zuhura alimkaribisha baba kwa wali wa nazi na kuku, akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mto. Baba alieleza habari iliyofika Ruanda. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akajipangusa machozi kwa kanga. Kisha baba, akitazama sahani, akasema kwamba jambo lenyewe ni ubeti wa marehemu mke wake, na kwamba wazee wameuzuia kwa binti mpaka wakae waamue. Bi Zuhura akaacha kucheka. Hakujua habari za ubeti. Sikuwa nimemwambia hata mara moja kwa nini nautaka uso safi. Alinitazama, akainuka, akachukua kikapu, akaanza kushusha makopo kutoka kwenye rafu. Baba akamwomba asijisumbue, watu wa kwetu ni wagumu kidogo. Akajibu, "Mzee, manjano yangu ndiyo yaliyomharibia. Nitapanda nayo mwenyewe."

Alipanda Jumamosi iliyofuata, mvua ikinyesha. Wazee walikuwa wakutane kanisani kuamua, lakini paa lilivuja, na Mama Halinga, mke wa mzee wetu, alikataa mgeni asimamishwe kwenye maji. Basi kikao kikahamia jikoni kwake, wazee watatu kwenye vigoda wakizunguka moto, mimi na baba ukutani, Bi Zuhura katikati na kikapu chake. Mzee Halinga alianza kwa sala ndefu, kisha akasema kwamba kanisa haliwezi kumweka mbele, alfajiri ya Bwana, mtu ambaye imani yake haijulikani iko upande gani. Bi Zuhura alisikiliza kwa heshima. Alipopewa nafasi hakujitetea. Aliomba bakuli. Akachanganya dengu, mgando, asali na manjano mbele yao, akasema kwamba jambo la kupakwa halielezeki kwa mdomo, nani atakuwa wa kwanza?

Wazee wakatazama moto. Mama Halinga, aliyekuwa anakoroga uji nyuma yao, akasema bila kugeuka, "Mpake huyu wangu. Kila akinyoa anakuwa kama chura." Ilikuwa kweli. Kidevu cha Mzee Halinga kilikuwa na vipele vya kunyolea miaka yote, sisi kwaya tulivitazama kila zoezi maana tuliamriwa tumtazame yeye. Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Bi Zuhura akampa mkewe bakuli, maana yeye asingemgusa mume wa mtu, na Mama Halinga akampaka mumewe kidevu, mashavu na shingo kwa ari kubwa kuliko iliyohitajika. Akamfunika kitenge kichwani, moshi usimkaushe haraka. "Sasa, mzee wangu," Bi Zuhura akamwambia, "usiongee wala usicheke mpaka nikwambie. Ukipasuka utaumia."

Hapo ndipo alipoanza kueleza. Alieleza desturi ya singo ya kwao, alieleza udhu na kopo langu, alieleza Kassim na wake wa wafanyabiashara, na kila Mzee Halinga alipotaka kuuliza, alinyanyua kidole tu, hakuweza kusema. Wale wazee wawili walimgeukia wakiuliza, mwenzetu unaonaje, naye anatoa macho. Mlango ukafunguliwa. Aliingia yule mama muuza maharage, amekuja kutoa ushahidi wake, amelowa. Alisimama akamtazama mzee wa kanisa amekaa kwenye kigoda, amefunikwa kitenge, uso wa manjano, kimya, macho chini. Akashika mdomo. Akasema polepole, "Mzee, na wewe unaolewa?"

Baba yangu ndiye aliyeanza. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Kicheko kilimtoka kama maji yaliyoziba kwenye bomba, kwanza kwikwi, kisha chote, akaegemea ukuta, na wazee wakamfuata, na Mama Halinga akaangusha mwiko ndani ya uji. Mzee Halinga alijizuia, alijizuia sana, namwona mpaka leo, mabega yanatikisika, mpaka yale manjano yakapasuka kwenye mashavu mistari mistari. Akasema ai, inavuta. Akanitazama. Akaniambia nije mazoezini Alhamisi, na nisichelewe.

Alfajiri ya Pasaka tarumbeta zilizokuja kutoka Mbozi Mission zilituamsha gizani. Tulikwenda makaburini kwenye matope, kila mtu ameshika nguo ya aliye mbele, kandili mbili tu kwa kusanyiko zima, baridi inatoka ardhini. Nilipanda juu ya kile kichuguu. Nikashtukia kitu ambacho, kwa mwaka mzima wa kuhangaika na limau na asali na vioo, hakikuwahi kuniingia kichwani: kulikuwa giza. Hakuna aliyeniona. Mama yangu miaka yote aliuimba ubeti ule gizani. Nilitaka kucheka, lakini fimbo ya mbuni ilikuwa imeinuka, naisikia inavyokata hewa, nikafungua mdomo nikaimba. Nilimwimbia Bwana aliyeshinda kaburi, na nilimwimbia mwanamke aliyelala hatua chache kutoka miguuni pangu, na sauti haikutetemeka.

Jua lilichomoza nikiwa katika mstari wa mwisho, kama linavyopaswa, maana Mzee Halinga alijua kulipimia wimbo. Nikawaona watu. Kwanza nilidhani ni rangi ya mapambazuko. Mama Halinga uso wake ulikuwa wa njano. Mama wa maharage, wa njano. Safu nzima ya sauti ya kwanza walikuwa wameombana ile dawa, wakazidisha manjano kwa bidii za Pasaka, na hayakutoka kwa kunawa. Mzee Halinga mwenyewe, fimbo juu, kidevu kiling'aa kama ua la boga, na kilikuwa laini. Watu wakaanza kutazamana, na kicheko kikapita katikati ya makaburi huku mtu akiita kwamba Bwana amefufuka, nasi tunaitikia amefufuka kweli, tunacheka na kulia. Nilitazama barabarani. Bi Zuhura, aliyelala kwetu usiku ule, alikuwa amesimama nje ya uzio, amejifunika ile kanga nyekundu, kimya kabisa, kiganja kimoja shavuni.

Chunusi zangu hazikuisha zote mwaka ule; nyingine ziliondoka na ujana wenyewe, na mashimo mawili yapo, aulizwe Bi Zuhura. Neema sasa ananawa kwa maji ya uvuguvugu, ile sehemu iliyobabuka tuliipeleka zahanati ikatazamwa, na asali tunaijaribu kwenye mkono wake kwanza. Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu wa mapambazuko akuangazie uso wako kama alivyouumba, akupe jirani mwenye subira na jiko lenye harufu nzuri, na akuweke karibu na watu watakaocheka pamoja nawe siku ya furaha yako. Amina.